Polisi wa Farasi na Bunduki Zilizochelewa

Ugomvi ulianza kwa farasi. Majira ya kuchipua ya mwaka 1873, kundi la wawindaji wa mbwa-mwitu, watu waliokuwa wakitia sumu kwenye mizoga na kuuza ngozi, liliamka kambini si mbali na Fort Benton, Montana, likakuta farasi wake wameibwa. Wakafuata nyayo hadi ng'ambo ya mpaka wa Kanada, nyayo zikawapotea, nao wakaishia kwenye vilima vya Cypress, karibu na duka la Mmarekani mmoja aliyeitwa Abe Farwell. Jirani na duka hilo walikuwa wamepiga kambi watu wa kabila la Nakoda, chini ya chifu Manitupotis. Farasi wale hawakuwa kwao. Tarehe 1 Juni, ulevi ukiwa umetawala pande zote mbili, maneno yakazidi, na wawindaji wakajibanza kwenye korongo lililotazama mahema.

Wanakoda walikuwa na pinde na magobore, yale ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu. Wawindaji walikuwa na bunduki za wenzo. Ukisukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, ganda tupu linaruka nje. Ukiurudisha, risasi nyingine imekwisha kuingia. Bunduki ya aina hiyo iliyoitwa Henry, iliyotoka Marekani mwaka 1860, ilibeba risasi 16. Wakati mwenye gobore anashindilia mara ya pili, aliye korongoni keshapiga nusu ya risasi zake. Siku ilipokwisha, Wanakoda zaidi ya 20 walikuwa wamekufa, wake kwa waume. Upande wa pili aliuawa mtu mmoja.

Habari zilichukua karibu miezi mitatu kufika Ottawa. Serikali ya Waziri Mkuu John A. Macdonald ilikuwa imelipokea eneo hilo kubwa kutoka Kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1870, kwa fidia ya pauni 300,000, na haikuwa na kikosi cha kutosha cha kulilinda. Sheria ya kuunda polisi wa mpakani ilikwisha kupitishwa tarehe 23 Mei, siku chache kabla ya mauaji, lakini ilikuwa bado karatasi. Inasimuliwa kwamba rasimu ya mwanzo iliwaita askari hao wapiga bunduki wapanda farasi. Marekani ikanung'unika kuona jeshi likipelekwa mlangoni kwake, basi Macdonald akachukua kalamu, akakata bunduki akaandika polisi. Ndivyo walivyoitwa North-West Mounted Police. Bunduki walipewa vilevile, na hapo ndipo matatizo yao yalipoanza.

Walipewa Snider. Hiyo ilikuwa bunduki ya Waingereza aina ya Enfield ya mwaka 1853, gobore kamili, ambayo Mmarekani Jacob Snider alibuni namna ya kuikata mtutu kwa nyuma na kuitia kizibo chenye bawaba ili risasi iingizwe kutokea huko. Uingereza ilikuwa na mamia ya maelfu ya bunduki za zamani ghalani, na kuzikarabati kulikuwa nafuu kuliko kutengeneza mpya. Kufikia 1866 Snider ikawa bunduki ya jeshi lake. Afrika iliionja mapema. Mwaka 1868 askari wa Kiingereza waliipeleka Uhabeshi, nayo ndiyo iliyowamaliza mashujaa wa Mfalme Tewodros chini ya ngome ya Magdala. Na Novemba 1874, miezi ileile ambayo polisi wa Kanada walikuwa wakijenga kambi yao ya kwanza mbugani, msafiri Stanley alitoka Bagamoyo kuelekea bara, na Snider zilikuwamo kwenye msafara wake.

Walizopewa polisi zilikuwa fupi, za kubebwa na mpanda farasi. Kuifyatua kulihitaji mikono iliyotulia. Unavuta nyundo nusu, unakifungua kizibo kwa kidole gumba kuelekea kulia, unakivuta nyuma ili ganda tupu litoke kwenye chemba. Ganda halirushwi nje. Linakaa hapo limelegea, mpaka uigeuze bunduki kichwa chini lianguke lenyewe. Ndipo utie risasi nyingine, ufunge kizibo, uvute nyundo hadi mwisho, ulenge. Askari wa miguu aliyefundishwa vizuri aliweza kupiga risasi 10 kwa dakika. Aliyekaa juu ya farasi anayechezacheza, na glavu za manyoya mikononi, alihesabu vingine. Risasi yenyewe ilikuwa na kipenyo cha milimita 14.7 na uzito wa gramu 31 hivi, kipande cha risasi kinene kama ncha ya kidole, na ilipopata ilivunja mfupa. Tatizo lilikuwa kwamba ilikuwa moja.

Bastola zilikuwa balaa zaidi. Serikali iliagiza Adams kutoka Uingereza, na zilipofika zilikuwa zimechakaa na kugongana safarini kwa kufungwa ovyo. Kamishna wa kwanza, George Arthur French, ofisa wa mizinga aliyekuwa na jicho kali kwa kila skrubu, alilalamika kwa maandishi juu ya silaha zilizolegea na kupinda. Nyingine zenye hali nzuri zililetwa mwaka 1875, safari kuu ya kikosi ikiwa imekwisha.

Safari hiyo iliondoka Fort Dufferin, Manitoba, tarehe 8 Julai 1874. Walikuwa askari wapatao 275 waliovaa makoti mekundu, na nyuma yao msururu wa mikokoteni, maksai na ng'ombe wa kuchinja. French alichukua mizinga miwili ya ratili 9 na mingine miwili midogo ya kurusha juu. Mizinga hiyo ndiyo iliyoua farasi: kila kilima kilipandwa kwa kuikokota, majani yalikuwa yamekauka au kuliwa na nzige, na wanyama wakaanza kuanguka mmojammoja njiani. Hakuna vita iliyopigwa nayo. Wapo askari waliopewa hata mikuki, kwa ajili ya kutisha macho tu. Mtu akisoma orodha ya vitu vilivyobebwa na msafara ule anapata shaka kama waliouandaa walikuwa wamewahi kumuuliza yeyote aliyeishi mbugani.

Lengo lilikuwa Fort Whoop-Up, karibu na mahali ulipo mji wa Lethbridge leo, ambapo wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa wakiwauzia watu wa Blackfoot pombe iliyochanganywa na kila uchafu, na kupokea ngozi za nyati. Wengine waliuza pia bunduki za wenzo. Polisi walikuwa wamepotea njia, na Jerry Potts ndiye aliyewafikisha. Mama yake alikuwa wa Blackfoot na baba yake Mskoti, naye aliijua nchi ile kuliko ramani yoyote. Oktoba 1874 ofisa wao James Macleod aliipanga mizinga ikitazama ngome, akapanda hadi mlangoni, akabisha. Wauza pombe walikuwa wameshaondoka na shehena yao. Mlinzi aliyebaki akawakaribisha chakula.

Wiki chache baadaye Potts alileta fununu za wauzaji wengine, na Inspekta Leif Crozier akaenda na watu 10, akawakamata na mikokoteni yao. Walimwaga pombe, wakataifisha ngozi, wakachukua na silaha.

Kwa miaka iliyofuata polisi wale walizungukwa na watu waliokuwa na bunduki bora kuliko zao, na hilo walilijua. Septemba 1877, kwenye kivuko cha mto Bow, viongozi wa Blackfoot wakiongozwa na Crowfoot walitia alama kwenye Mkataba wa Saba. Mizinga ya ratili 9 ikapigwa kwa heshima. Ndani ya mkataba huo mna kipengele cha kushangaza: kila chifu mkubwa na mdogo ataletewa bunduki ya wenzo ya Winchester, na dola 2,000 zitatumika kila mwaka kununua risasi na baruti za kuwagawia watu wao wawinde. Serikali ilikuwa inaahidi kuwapa machifu Winchester wakati polisi wake wenyewe, waliosimama pale kwa gwaride, wameshika Snider.

Jaribu lao kubwa lilitoka kusini. Juni 1876 Walakota na washirika wao waliangamiza kikosi cha jeshi la Marekani cha Custer kwenye mto Little Bighorn. Wanaakiolojia waliochimba uwanja ule baada ya moto wa mwaka 1983 waliokota maganda ya Henry na Winchester kwa wingi upande wa washindi; askari wa Custer walikuwa na Springfield za risasi moja. Mei 1877 kiongozi wao Sitting Bull naye akavuka mpaka, na muda si mrefu Walakota kwa maelfu walikuwa upande wa Kanada. Inspekta James Walsh aliingia kambini kwake na watu wachache wanaohesabika kwa vidole. Akamwambia kwamba hapa sheria ni ya Malkia, kuvuka mpaka kwenda kuvamia na kurudi hakutakubaliwa, na atakayeishi kwa amani atalindwa. Sitting Bull alikubali. Walakota waliruhusiwa kununua risasi kidogo, za kuwindia.

Kisa hicho kimesimuliwa Kanada kizazi baada ya kizazi kama ushahidi wa ujasiri wa koti jekundu. Ujasiri ulikuwapo. Lakini ukiiangalia kwa hesabu ya silaha, upole wa Walsh unaeleweka bila hadithi nyingi: mtu aliye na bunduki ya risasi moja mbele ya mamia ya wapiganaji wenye bunduki za wenzo hana njia nyingine ila kuongea vizuri. Na kilichowashinda Walakota baadaye hakikuwa bunduki ya mtu. Nyati walikwisha. Kufikia 1879 makundi yao yalikuwa yametoweka upande wa Kanada, na Ottawa ilikataa kuwapa Walakota ardhi au posho ya chakula. Julai 1881 Sitting Bull alirudi Marekani na kujisalimisha Fort Buford. Bunduki yake alimpa mwanawe mdogo, na mtoto ndiye aliyeikabidhi kwa ofisa.

Mwaka 1878 polisi walinunua Winchester 50 za majaribio. Ilikuwa modeli ya 1876, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya miaka 100 ya Marekani mjini Philadelphia, nene na nzito kuliko zilizoitangulia, yenye risasi za milimita 11.4 zilizoweza kumwangusha nyati. Askari waliipenda mara moja. Maagizo yakaongezeka mwaka hadi mwaka, na nyingi zikapigwa mhuri wa herufi N.W.M.P. kwenye kitako. Inafurahisha kuona kwamba kikosi cha Malkia wa Uingereza kiliacha silaha ya Kiingereza kikanunua ya Wamarekani, ileile iliyotumiwa na wahalifu ambao polisi hao walitumwa kuwakamata.

Ila Winchester nayo ilikuwa na kasoro zake. Kitako kilikuwa chembamba pale kinapoungana na chuma, na farasi akianguka au bunduki ikidondoka, mbao ilivunjika hapo hapo. Kipimo cha nyuma cha kulengea kilikatika upesi. Kisha ule ubebaji wa mbugani: polisi waliilaza bunduki mbele ya tandiko, imeningʼinia kwenye ukanda, ikisuguana na ngozi kutwa nzima kwa miaka, hadi mti na chuma vikalika. Kamishna Lawrence Herchmer, aliyeshika uongozi mwaka 1886, alirudia malalamiko hayo katika ripoti zake bila kuchoka.

Bastola mpya zilinunuliwa Uingereza kuanzia 1882, Enfield za kipenyo cha .476. Ufundi wake unastahili kuelezwa. Ukifungua kitasa, mtutu unainama chini na silinda yote inasogea mbele, huku maganda yakishikwa nyuma na kipande cha chuma chenye umbo la nyota, ili yabaki wazi na kuanguka. Kwenye mchoro inavutia. Mkononi, ganda la chini mara nyingi lilikwama, na baada ya miaka ya matumizi silinda ililegea na kucheza. Kikosi kilibaki na bastola hizo hadi baada ya 1905, kilipoanza kugawa Colt.

Siku yao mbaya kuliko zote ilikuwa tarehe 26 Machi 1885. Wametisi, watu waliozaliwa na mama wenyeji na baba Wafaransa au Waskoti, walikuwa wamechoka kuomba hati za mashamba yao kando ya mto Saskatchewan. Wakaunda serikali yao chini ya Louis Riel, na jemadari wao akawa Gabriel Dumont, mwindaji wa nyati mwenye shabaha isiyo na mfano. Crozier, sasa akiwa msimamizi wa wilaya, alitoka Fort Carlton na watu wapatao 100, polisi na raia wa kujitolea wa Prince Albert, pamoja na mzinga mmoja wa ratili 7, kwenda kuchukua bidhaa katika duka la Duck Lake. Walisafiri kwa mikokoteni ya theluji. Dumont aliwangojea njiani.

Mzee wa Kikrii, Assiyiwin, na nduguye Dumont, Isidore, walikwenda mbele kuzungumza. Pakatokea kushikana na mkalimani wa polisi, risasi ikalia, wote wawili wakafa. Polisi walijificha nyuma ya mikokoteni yao uwanjani. Wametisi walikuwa kwenye miti na ndani ya nyumba moja ya magogo upande wa kulia. Mzinga ulipigwa mara chache, kisha mpigaji mmoja, katika haraka, akatia kombora kabla ya baruti. Mzinga ukawa chuma kitupu. Winchester zilipiga haraka kama zilivyosifiwa, lakini zilipiga miti. Katika nusu saa hivi watu 12 wa Crozier waliuawa, na Wametisi walipoteza watu 5. Dumont mwenyewe alikwaruzwa na risasi kichwani. Riel, aliyekuwa juu ya farasi na msalaba mkononi, ndiye aliyewazuia watu wake wasiwafuate waliokuwa wakikimbia.

Baada ya hapo vita ilichukuliwa na jeshi. Huko nako chuma kiliaibika: tarehe 2 Mei, kwenye kilima cha Cut Knife, Kanali Otter alikwenda kuwashambulia Wakrii wa chifu Poundmaker akiwa na mizinga miwili ya polisi ya ratili 7. Mbao za kuishikilia zilikuwa zimeoza, zikavunjika kwa mshindo wa mizinga yenyewe. Otter akarudi nyuma, na Poundmaker akawakataza vijana wake kumfuata. Mambo yaligeuka Batoche, kati ya tarehe 9 na 12 Mei, na tena hayakugeuzwa na ubora wa bunduki. Wametisi waliishiwa risasi. Siku ya mwisho walikuwa wakipiga misumari na mawe. Riel alinyongwa Regina tarehe 16 Novemba mwaka uleule, katika kambi ya polisi.

Miaka 12 baadaye kikosi kilionyesha upande wake mwingine. Kijana wa Kikrii aliyejulikana kama Almighty Voice alikamatwa Oktoba 1895 kwa kuchinja ng'ombe, akatoroka kizuizini Duck Lake, na alipofuatwa akamuua Sajini Colebrook. Mei 1897 alizingirwa na wenzake wawili kwenye kichaka. Waliua polisi wawili na mkuu wa posta wa Duck Lake waliojaribu kuingia. Polisi wakaagiza mizinga miwili. Kichaka kikapigwa makombora mpaka pakawa kimya, na vijana watatu wakakutwa wamekufa. Mama yake Almighty Voice alikuwa karibu akishuhudia. Kwa kisa kilichoanza na ng'ombe mmoja, ilikuwa bei kubwa, na wapo Wakanada waliosema hivyo wakati uleule.

Wakati huo bunduki za kizazi kipya zilikuwa zimeanza kuingia. Mwaka 1895 zilinunuliwa Lee-Metford 200 za kipenyo cha .303, zilizotumia baruti isiyotoa moshi, na hilo lilikuwa badiliko kubwa kwa mtu anayelala kwenye majani: hakuna tena wingu jeupe la kumwonyesha adui alipo. Dhahabu ya Klondike ilipowavuta watu maelfu kuelekea Yukon, ofisa wa polisi Sam Steele aliweka walinzi na bombomu za Maxim juu ya njia za Chilkoot na White Pass, mwanzoni mwa 1898. Kazi yao kubwa pale ilikuwa kukusanya ushuru na kuhakikisha kila mchimbaji ana chakula cha mwaka mzima. Mjini Dawson kubeba bastola kulipigwa marufuku. Steele na zaidi ya polisi 200 walikwenda pia Afrika Kusini kupigana na Makaburu, wakakuta Mauser mikononi mwa wakulima waliojua kupiga shabaha, funzo ambalo wale walionusurika Duck Lake hawakulihitaji.

Kisha ikaja Ross. Sir Charles Ross, tajiri wa Kiskoti, alijenga kiwanda Quebec na kuishawishi serikali kwamba Kanada haina sababu ya kuomba bunduki Uingereza. Kikosi, ambacho mwaka 1904 kilikuwa kimepewa heshima ya kuitwa cha kifalme, kilikuwa mteja wake wa kwanza. Shehena ilifika mwaka uliofuata. Bunduki hiyo ilivutwa moja kwa moja nyuma na mbele, bila kuzungusha mkono wa bolti kama nyingine. Ilikuwa ya haraka, na ilikuwa na tatizo pale pale: mwaka 1906, katika mazoezi ya shabaha Regina, bolti ya Ross ilirudi nyuma na kumpiga sajini-meja usoni. Alipoteza jicho. Bunduki zikakusanywa na kufungiwa.

Jeshi halikusikia. Liliendelea na Ross zilizoboreshwa hadi kwenye matope ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako zilikwama mikononi mwa vijana wa Kanada, na mwaka 1916 nafasi yake ikachukuliwa na Lee-Enfield. Polisi, wao, walikuwa wamekwisha kuzirudia Winchester. Zile zilizolalamikiwa na Herchmer, vitako vimefungwa waya na mitutu imelika, zilitolewa tena ghalani na kuendelea na doria hadi karibu na Vita Kuu, miaka zaidi ya 30 baada ya kununuliwa.

Leo Winchester ya 1876 yenye mhuri wa N.W.M.P. ni mali ya thamani kwa wakusanyaji wa silaha, na kwa sababu hiyo ipo mihuri mingi ya kughushi. Muuzaji akileta bunduki, mnunuzi makini huanza na namba iliyochongwa chini ya chuma, kisha huitafuta katika daftari za kiwanda cha Winchester zilizotunzwa kwenye makumbusho ya Cody, Wyoming, aone iliondoka siku gani na kama ilikuwa kabaini au bunduki ndefu. Mhuri wa kitako hutazamwa mwisho.